Chumvi na madini mwilini: Maji peke yake hayatoshi

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu mtoto akianza kuharisha hufanyika moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaomnyima maji kwa hoja kwamba kumnywesha ni kuzidi kumharisha. Na wapo wanaojitahidi sana kumnywesha, kikombe juu ya kikombe, maji matupu. Wale wa kwanza wamekosea waziwazi na tumeshasikia mafundisho mengi ya kuwarekebisha. Hawa wa pili hatuwasemi, kwa kuwa wanaonekana wamefanya lililo jema. Lakini maji matupu hayamtoshi mtoto yule, na akipewa mengi bila chumvi anaweza hata kupatwa na degedege.

Kwa nini iwe hivyo? Hilo ndilo tunalotaka kulieleza katika safu yetu leo, inshaallah. Na ukishalifahamu vizuri, utafahamu pia kwa nini mama mjamzito anasisitizwa kutumia chumvi yenye madini joto, na kwa nini mtu anaweza kula akashiba kila siku na bado akawa mchovu.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu anaweza kulihakikisha mwenyewe. Onja jasho lako, au chozi. Lina chumvi. Damu nayo ina chumvi. Maji yote yaliyomo mwilini mwetu yamechanganyika na madini mbalimbali yaliyoyeyuka, na yaliyo makubwa kati yake ni sodiamu, potasiamu, kloridi, kalsiamu na magnesiamu. Sodiamu na kloridi ndizo zinazofanya chumvi ile ya mezani. Madini haya yakiyeyuka hubeba chaji ya umeme, na umeme huo mdogo ndio unaoufanya moyo upige, misuli ijikunje na mishipa ya fahamu ipeleke habari kutoka ubongoni hadi kidoleni.

Ajabu ni mpangilio wake. Sodiamu nyingi hukaa nje ya seli, na potasiamu nyingi hukaa ndani. Hazikai hivyo zenyewe. Katika ukuta wa kila seli kuna pampu ndogo zinazofanya kazi usiku na mchana, zikitoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Mwanasayansi wa Denmark, Jens Skou, ndiye aliyeigundua pampu hiyo mwaka 1957, na mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel. Kazi hiyo ni kubwa kiasi kwamba hata ukiwa umelala, karibu sehemu moja ya tano ya nguvu unayotumia inaishia kwenye pampu hizo. Sasa mtu akipoteza chumvi hizi kwa wingi, si ajabu akahisi kama taa iliyoishiwa mafuta: miguu inabana, kichwa kinazunguka, moyo unakwenda mbio.

Tuje tumboni, maana hapa ndipo penye somo kubwa.

Watu wengi hudhani utumbo ni bomba la kupitishia chakula tu. La. Kwa siku moja mtu mzima huingiza labda lita mbili za maji kwa kunywa na kula, lakini mwili wenyewe humimina utumboni lita nyingine kama saba za mate, maji ya tumbo, nyongo na majimaji ya kongosho. Tumbo hata huchukua ile kloridi ya chumvi na kutengenezea asidi ya kusagia nyama. Lita hizo zote tisa zinatakiwa zirudi kwenye damu, na kwa mtu mzima wa afya hurudi karibu zote. Kinachotoka chooni hakifiki hata robo lita. Ukiona mtu anaharisha, ujue ule mlango wa kurudishia umeharibika, au kuna kitu kinachosukuma maji yatoke kwa kasi kuliko yanavyorudi. Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa moja, na ndani ya lita hiyo kuna sodiamu na potasiamu.

Hapo ndipo maji matupu yanaposhindwa. Maji hayana mlango wake maalumu wa kuingilia, hufuata chumvi. Na sodiamu nayo ina njia ambayo hufunguka inapofika pamoja na glukosi, yaani sukari. Viwili hivyo vikifika pamoja hupita, na maji hupita nyuma yake. Mtaalamu Robert Crane alilieleza jambo hili mwaka 1960 katika mkutano wa wanasayansi mjini Prague. La kushukuru ni kwamba njia hii hubaki nzima hata kwa mgonjwa wa kipindupindu. Milango mingine huharibika, huu haudhuriki.

Wataalamu waliokuwa Dhaka walilijaribu jambo hilo kwa wagonjwa mwaka 1968, lakini mtihani wenyewe ulikuja mwaka 1971. Wakati wa vita vya Bangladesh mamilioni ya wakimbizi walivuka mpaka kuingia India, na kipindupindu kikalipuka kambini. Huko Bongaon, daktari Dilip Mahalanabis alijikuta dripu zinakwisha na wagonjwa wamelala sakafuni, wakifa kiasi cha 30 katika kila 100. Akaamua kuchanganya chumvi na glukosi kwenye maji na kuwapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vikashuka hadi chini ya 4 katika kila 100. Hakukuwa na mashine wala sindano, na wanyweshaji wengi walikuwa akina mama na ndugu wasio na mafunzo yoyote ya udaktari. Mwaka 1978 jarida la kitabibu la Lancet liliandika kwamba huenda huu ukawa ndio ugunduzi muhimu kuliko yote ya tiba katika karne ile. Daktari huyo alifariki mwaka 2022, na ni wachache wanaolijua jina lake.

Sasa tuliangalie kwetu. Pakiti zilizoandikwa ORS zinapatikana zahanati na maduka ya dawa, na hazina gharama kubwa. Ndani yake, mbali na chumvi na glukosi, kuna potasiamu na sitrati, kwa vipimo vilivyorekebishwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2002. Soma maandishi ya pakiti: nyingi huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, lakini zipo za nusu lita na za glasi. Usikadirie kwa macho, na usigawe pakiti nusu leo nusu kesho. Mchanganyiko ukipita saa 24 umwage, utengeneze mwingine.

Pakiti isipopatikana, na usiku umeingia, chukua lita moja ya maji safi, weka vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa na si vya kilima. Hapa ndugu msomaji nisisitize, kwa sababu makosa ni mengi. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, hasa mdogo, na sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza utumboni, na kuharisha kukazidi. Onja kwanza. Yasiwe na chumvi kushinda machozi. Mchanganyiko huu wa nyumbani hauna potasiamu, kwa hiyo mtoto anayekula apewe na ndizi mbivu.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji, yaani robo hadi nusu kikombe cha chai. Wa miaka miwili hadi kumi apewe mara mbili ya hapo. Akitapika, subiri dakika kumi kisha endelea polepole kwa kijiko. Maziwa ya mama yasisimamishwe hata kidogo. Na omba vidonge vya zinki: tangu mwaka 2004 inashauriwa mtoto anayeharisha apewe miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na aliye chini ya miezi sita apewe miligramu 10. Zinki husaidia utumbo kujitengeneza upya na hupunguza uwezekano wa kuharisha tena katika miezi inayofuata. Wazazi wengi huviacha siku ya tatu mtoto akishapona. Malizeni dozi.

Watu wa pwani watauliza, na madafu je? Dafu ni kinywaji kizuri na lina potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni ndogo, kwa hiyo halichukui nafasi ya ORS. Mpe kama nyongeza. Soda usimpe kabisa, hata hiyo iliyotikiswa gesi ikatoka, kwa maana ni sukari nyingi na chumvi karibu hakuna. Na mtoto aliyeharisha siku kadhaa kisha tumbo likajaa na kukaza kama ngoma, legelege kama kitambaa, huenda potasiamu yake imeshuka na misuli ya utumbo imelala. Huyo ni wa hospitali, pamoja na yule mwenye macho yaliyozama, asiyeweza kunywa, anayeharisha damu, au ambaye ngozi ya tumbo ukiibana inachelewa kurudi.

Tumalize hilo, tugeukie homoni. Homoni ni wajumbe ambao tezi huwatuma kwenye damu kwenda kuamrisha viungo. Ukitoka jasho sana, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni iitwayo aldosteroni, nayo huziamrisha figo zizuie sodiamu isitoke na mkojo. Insulini nayo, mbali na sukari, husukuma potasiamu iingie ndani ya seli. Ndio maana mgonjwa wa kisukari aliyelazwa akiwa na sukari ya juu sana hupimwa potasiamu mara kwa mara. Hapa homoni ndizo zinazoyaongoza madini. Lakini ipo homoni ambayo yenyewe imejengwa kwa madini, na madini hayo yakikosekana haitengenezeki kabisa.

Nayo ni homoni ya tezi ya shingo. Imejengwa kwa madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku na mjamzito 250, kiasi ambacho kwa umri wote wa miaka 70 hakijazi kijiko kimoja cha chai. Lakini hicho kidogo kikikosekana, tezi huvimba ikijaribu kukikamata, na ndilo rovu au goita tunayoiona kwa baadhi ya watu. Uvimbe ndio unaoonekana, ila si ndio wenye hatari kubwa. Homoni hii ndiyo inayopanga kasi ya mwili mzima. Ikipungua, mtu huwa mchovu, husikia baridi wenzake wakiwa na joto, choo kinakuwa kigumu, uzito unapanda, hedhi inavurugika. Unaona namna nguvu, tumbo na uzazi vinavyofungwa na uzi mmoja. Wengine hapa hukimbilia kusema ni hasadi au ni jini. Dua haizuiwi na kipimo cha damu, ndugu yangu. Fanya vyote viwili, na kipimo usikicheleweshe.

Aliye hatarini zaidi ni mtoto aliye tumboni. Katika miezi ya mwanzo ya mimba tezi yake haijaanza kazi, ubongo wake unategemea homoni ya mama. Mama akipungukiwa, mimba inaweza kuharibika, mtoto anaweza kuzaliwa mfu, au akazaliwa na mtindio wa akili usiorekebishika tena. Nyanda za juu za kusini mwa Tanzania zilikuwa na tatizo hili kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mvua za karne nyingi zimeyaosha madini joto kutoka kwenye udongo wa milimani. Miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika maeneo yaliyoathirika sana, na katikati ya miaka ya 1990 chumvi ya kula ikaanza kuwekewa madini hayo kwa mujibu wa sheria.

Watu wa visiwani walijiona wako salama, wanakula samaki na wamezungukwa na bahari. Watafiti walipokwenda kupima miaka ya 2000 walikuta rovu Unguja na Pemba pia. Chumvi inayovunwa mabwawani pwani haina madini joto ya kutosha mpaka yaongezwe. Yaliyomo baharini hayabaki kwenye chumvi ikikauka. Kwa hiyo chumvi ile ya kupimiwa kwa kopo sokoni, hata kama ni nyeupe na ni ya kwetu, uliza kwanza. Magadi nayo si mbadala. Yanalainisha maharage, lakini hayana madini joto, yana sodiamu nyingi, na ya baadhi ya sehemu yana floridi inayochakaza meno ya watoto.

Ukishanunua ile yenye madini joto, itunze. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko, mvuke na jua, kwa sababu unyevu na joto huyapunguza madini joto kidogokidogo. Tia chumvi chakula kinapokaribia kuiva. Na wanaokula muhogo kila siku wajue kwamba ule mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri huacha mwilini kemikali inayoizuia tezi kukamata madini joto.

Kuhusu nguvu, nitasema kwa ufupi. Chakula tunachokula hugeuzwa kuwa nguvu ndani ya seli, na nguvu hiyo haitumiki mpaka ishikane na magnesiamu. Madini haya yamo kwenye mboga za majani, karanga, korosho, ufuta, maharage na unga wa dona. Tunapokoboa mahindi kupata sembe nyeupe, sehemu kubwa ya magnesiamu inabaki na pumba, tunawapa kuku. Sitaki kugombana na wapenda sembe, lakini kuku wanatushinda akili hapo. Madini ya chuma nayo ndiyo yanayoiwezesha damu kubeba hewa ya oksijeni, na wanawake wengi wachovu wana upungufu wa damu. Hapa kuna desturi yetu ya kuiangalia: chai ya rangi pamoja na chakula, au mara tu baada ya kula. Chai huyafunga madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha yasifyonzwe. Iache chai saa moja au mbili, na kwenye chakula kamulia ndimu, ambayo huyasaidia kuingia.

Mfungaji naye ana fungu lake. Huku kwetu karibu na ikweta saumu ni kama saa 13 au 14, na figo za mtu mzima wa afya zina uwezo wa kutunza chumvi kwa muda huo. Hahitaji vidonge vyovyote. Kinachomchosha mara nyingi ni namna alivyokula usiku. Daku la chai na mandazi halimfikishi mbali fundi anayeshinda juani. Futari ya bibi zetu ilikuwa na hekima: tende, uji, mihogo, magimbi na viazi vya nazi, kunde na mbaazi, samaki. Karibu vyote hivyo vina potasiamu nzuri, na tende ni mojawapo ya matunda yanayoongoza. Kunywa maji kidogokidogo toka futari hadi daku, usiyamalize yote kwa mkupuo.

Lakini anayeharisha na kutapika huku amefunga ni mgonjwa, na mgonjwa amepewa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Hukumu zake kwa kirefu waulizwe masheikh. Sisi upande wetu tunasema kwamba anayepoteza lita moja kwa saa hawezi kungoja magharibi. Figo zinaweza kusimama kabla ya adhana.

Yapo makundi mawili yanayohitaji tahadhari katika yote tuliyoyaeleza. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia baadhi ya dawa za presha na moyo, asijianzishie madafu, tende na ndizi kwa wingi bila kumuuliza daktari wake, maana potasiamu ikizidi kwenye damu moyo unaweza kusimama ghafla. Na mwenye presha asiseme kwamba tumemruhusu chumvi. Kiwango cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, hakijazi kijiko cha chai, na humo imo ya mkate, ya papa mkavu na ya viungo vya pakiti. Kiasi hicho kidogo, kikiwa ni cha chumvi yenye madini joto, kinatosha kwa mahitaji ya tezi ya mtu mzima. Mjamzito aongeze samaki na mayai, si chumvi.